Waandikeni pia wanaopigana na kutu ya ngano

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua hii ni ndefu kuliko zile mnazozichapisha kwa kawaida, lakini jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu binti yangu wa pili alipopata nafasi ya kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Egerton, hapa Njoro. Alama zake zilikuwa nzuri. Angeweza kuomba uuguzi au uhasibu. Alichagua kilimo kwa hiari yake, na nia yake, kama alivyotueleza mimi na mama yake, ni kubobea katika magonjwa ya mimea.

Tulipowaalika jamaa kumpongeza, kaka yangu mkubwa alisema mbele ya wageni: "Yaani mtoto amesoma miaka yote hiyo ili arudi shambani kutazama majani?" Watu wakacheka. Binti alinyamaza kwa adabu, maana huyo ni baba yake mkubwa na hawezi kujibizana naye. Jibu langu nimeona nilete kwako kwa sababu kaka yangu ni msomaji wako wa miaka mingi, na kwa sababu nina hakika hayuko peke yake katika mawazo hayo.

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watoto wamebebwa juu juu, na kila mmoja huulizwa angependa kuwa nani. Daktari, rubani, mhandisi, wakili. Sijawahi kusoma hata mmoja akisema anataka kuchunguza kutu ya ngano, ule ugonjwa wa kuvu unaopasua mashina kwa vumbi jekundu. Siwalaumu watoto. Mtu wa kazi hiyo hawajaonyeshwa, wala jina lake hawalijui, ingawa chapati waliyokula usiku wa kuamkia mtihani inategemea kazi yake.

Mimi ni mkulima wa ngano na viazi huku Mau Narok. Mwaka wa 2007 nilipanda mbegu ya Kenya Mwamba. Wakati huo Mwamba ilikuwa imeenea sana, na kwa haki, kwa sababu ilikuwa inazaa vizuri na kutu ilikuwa haijaizoea. Ngano yangu ilichipua ikashika, ikatoa masuke mazuri. Mvua ilikuwa ya kutosha. Kisha mashina yakaanza kupasuka vidonda virefu vya rangi ya matofali. Ukilishika shina, vumbi jekundu linakuganda vidoleni. Nilivuka shamba kutoka mpaka huu hadi ule, na nilipotokea upande wa pili suruali yangu ilikuwa nyekundu hadi magotini. Nilipulizia dawa, lakini kutu ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya shina. Ngano ikaanza kuvunjika na kulala. Ukipukusa suke kiganjani, punje zimesinyaa, nyembamba, ukipuliza zinapeperuka pamoja na makapi.

Mwenye kombaini alikuja akasimama kwenye kona ya shamba, akatazama kwa muda, akaniambia kwa upole kwamba mafuta atakayochoma yatanigharimu kuliko ngano nitakayopata. Tulivuna hata hivyo, kwa sababu mtu hawezi kuiacha ngano yake shambani. Karo ya muhula uliofuata ililipwa kwa kuuza ng'ombe wa maziwa.

Majirani wengine walisema tumeuziwa mbegu bandia. Wengine walisema ni mvua, wengine wakasema ni udongo umechoka. Mimi pia nilikuwa natafuta wa kulaumiwa. Ukweli niliupata baadaye, katika siku ya wakulima kwenye kituo cha utafiti cha Njoro, ambacho enzi hizo kilikuwa chini ya KARI, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ambalo sasa ni KALRO. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbegu yangu haikuwa bandia, wala udongo wangu haukuwa na kasoro. Adui alikuwa amebadilika, na kulikuwa na watu waliokuwa wakimfuatilia hatua kwa hatua kabla hajanifikia mimi.

Nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kazi anayoidharau kaka yangu.

Mwaka wa 1998, mtafiti Mganda aitwaye William Wagoire aliona kutu kwenye ngano ya kituo cha Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda. Iliyomshangaza si kutu yenyewe, maana kutu ni ya tangu zamani. Ilikuwa imekaa kwenye ngano ambayo haikupaswa kuugua. Ngano hiyo ilikuwa na jeni iitwayo Sr31, iliyoingizwa kutoka kwa nafaka nyingine iliyo jamaa ya ngano, na kwa miongo mingi jeni hiyo ilikuwa kinga ya mashamba katika nchi nyingi duniani. Mtu mwingine angeona vidonda vyekundu akaandika "kutu" na kwenda zake. Yeye alijua kinachopaswa kuwepo na kisichopaswa, ndiyo maana aliiona. Vielelezo vikapelekwa Afrika Kusini kwa Zak Pretorius na wenzake, wakathibitisha mwaka wa 1999, na kutu hiyo ikapewa jina la Ug99: Ug ni Uganda, na 99 ni mwaka.

Baada ya miaka michache ilikuwa imefika Kenya, kisha Ethiopia. Hapa kwetu, miongoni mwa walioibeba kazi hiyo ni Ruth Wanyera, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika kituo cha Njoro, ambaye jina lake ndilo la kwanza katika ripoti ya kisayansi ya mwaka wa 2006 iliyoeleza kupatikana kwa kutu hiyo Kenya na Ethiopia. Nimeuliza walimu kadhaa wa sekondari katika sehemu hii kama wanalifahamu jina hilo. Wengi hawalijui, na kituo chenyewe ni mwendo wa matatu tu kutoka shuleni kwao.

Sasa, Ug99 ile ya kwanza haikuiweza Kenya Mwamba. Mwamba ilikuwa inalindwa na jeni nyingine, Sr24. Lakini mwaka wa 2006 wataalamu walitambua hapa Kenya jamii mpya ya kutu, iliyozaliwa na Ug99 hiyo hiyo, ambayo sasa ilikuwa imejua kuivunja Sr24. Msimu uliofuata ndio ule niliouza ng'ombe. Mwaka huo huo wa 2007 wakatambua nyingine tena, iliyovunja jeni ya tatu. Kwa hiyo niliposimama shambani nikiwa na suruali nyekundu, sikujua kwamba kuna mtu wa maabara ambaye tayari alikuwa ameandika jina la kitu kilichokuwa kinanimaliza.

Jina lenyewe ni la ajabu: TTKST. Nilidhani ni nambari ya ofisi. Siku ile ya wakulima, mama mmoja mtafiti alitufafanulia. Huchukua vumbi la kutu kutoka shambani, wakalipaka kwenye miche ya aina ishirini za ngano zilizopandwa kwenye vikopo vidogo, kila aina ikiwa na jeni yake inayojulikana. Miche hiyo hulazwa usiku kucha mahali penye unyevu na giza, kwa sababu kuvu haiingii kwenye jani kavu. Baada ya wiki mbili hivi husoma kila mche: huu umeugua, huu umepona. Aina hizo ishirini hupangwa nne nne, na kila kundi la nne hupewa herufi moja kulingana na walioanguka na waliosimama. Herufi tano ndizo jina la kutu. Mtaalamu akisikia TTKST anajua papo hapo ni kinga gani zimevunjwa na zipi bado zinashikilia, na mtaalamu wa kuzalisha mbegu mpya anajua jeni gani aiache na gani aitafute.

Ndugu msomaji, huko ndiko kutazama majani.

Kisha alitupeleka shambani. Njoro ni mahali pa juu, kuna baridi na umande wa asubuhi, na katika maeneo haya ya Mau wengine wanavuna ngano wakati wengine ndio kwanza wanapanda, kwa hiyo kutu haikosi pa kulala. Kinachomtesa mkulima ndicho kinachoifanya Njoro mahali pazuri pa kupimia ngano. Maelfu ya aina za ngano huletwa kutoka nchi nyingi na kupandwa hapo kwa mistari mifupi, msimu mkuu na msimu wa pili ndani ya mwaka mmoja. Kati ya mistari hiyo hupandwa ngano dhaifu kwa makusudi. Wafanyakazi huipulizia maji yenye vumbi la kutu, na mashina mengine huyadunga sindano, ili ugonjwa uwe mwingi na kila aina ijaribiwe kwa haki. Wageni wanaotoka nchi za mbali huambiwa wafue nguo na kusafisha viatu kabla ya kuingia tena katika mashamba ya kwao.

Nilimfuata mama huyo nyuma kwa nyuma. Alikuwa na msichana wa kuandika. Anainama, anashika shina chini ya jani, analigeuza, anapitisha kidole gumba juu ya vidonda, anasema: "Themanini S." Msichana anaandika. Hatua mbili, anainama tena: "Ishirini MR." Nambari ni kiasi cha shina kilichofunikwa na kutu kwa asilimia, na herufi zinaeleza vidonda vyenyewe, kama ni vikubwa vya ngano iliyoshindwa au ni vidogo vya ngano inayojitetea. Alifanya hivyo mstari baada ya mstari tangu tufike hadi chai ilipoletwa, na baada ya chai akarudi. Mgongo wa mtu anayefanya hivyo miaka ishirini au thelathini nadhani kila mkulima anaujua.

Nilimuuliza kama hachoki. Alinijibu kwamba akikosea kusoma mstari mmoja, ngano dhaifu inaweza kupita na kufika kwangu baada ya miaka kumi. Kwa kweli ni karibu hivyo, kwa sababu tangu ngano mbili zichavushwe hadi mbegu mpya ifike dukani inaweza kuchukua muongo mzima.

Wapo watakaoniambia kwamba hayo ni mambo ya Njoro, na kwamba heshima ya kazi hupimwa kwa dunia. Basi wamsome Norman Borlaug. Huyu alizaliwa mwaka wa 1914 kwenye shamba karibu na Cresco, mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani. Chuoni alianza na misitu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alisikiliza mhadhara wa E. C. Stakman, profesa wa Minnesota aliyeyatoa maisha yake kwa kutu ya nafaka, na mhadhara huo ukamgeuza njia. Mwaka wa 1942 akapata shahada ya uzamifu, na shahada hiyo ilikuwa ya magonjwa ya mimea. Mwaka wa 1944 akaenda Meksiko, ambako kutu ya shina ilikuwa imewavunja moyo wakulima wa ngano.

Huko alifanya jambo ambalo wakubwa wake hawakulipenda: alipanda misimu miwili kwa mwaka, mmoja kaskazini katika bonde la Yaqui na mwingine kwenye nyanda za juu za kati, akisafirisha mbegu kutoka huku hadi kule ili kupunguza miaka ya kungoja. Kati ya ngano alizozichanganya zilikuwemo za kutoka Kenya, zilizojulikana kwa kustahimili kutu. Mojawapo ya mbegu zilizotokana na kazi hiyo iliitwa Kentana 48: Kenya kwa upande mmoja, na Mentana, ngano ya Italia, kwa upande wa pili. Mwaka wa 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengi humkumbuka kwa ngano fupi yenye mavuno mengi iliyosaidia kulisha India na Pakistan, lakini bila kuishinda kutu kwanza ngano hiyo isingefika popote. Napenda wanafunzi wetu wajue kwamba katika kazi hiyo kubwa kulikuwa na damu ya ngano ya Kenya.

Na hakuisahau nchi hii. Mwaka wa 2005, akiwa na miaka 91, alifika Njoro akajionea mwenyewe ngano ilivyoungua kwa Ug99. Alikuwa amekwisha kustaafu, na angeweza kusema haya ni ya vijana. Badala yake alipaza sauti mpaka serikali na mashirika yakakusanyika Nairobi mwezi wa Septemba mwaka huo, na mpango wa kimataifa wa kupambana na kutu ukaanzishwa. Alifariki mwaka wa 2009. Wengi wa wataalamu wanaoleta ngano zao kupimwa Njoro leo wanaendeleza mpango huo.

Nimeeleza habari za ngano kwa kirefu kwa sababu ndiyo niijuayo. Lakini muulizeni mtu wa Bomet kuhusu mwaka wa 2011. Nina shemeji yangu upande wa Longisa. Mwezi wa Septemba mwaka huo mahindi yao yalianza kuwa manjano kutoka juu, yakakauka yakiwa yamesimama, na gunzi ukilimenya halina punje. Watu walidhani ni laana. Anne Wangai, mtafiti wa Kenya, pamoja na wenzake, ndio waliochapisha mwaka wa 2012 kwamba ni virusi viwili vilivyokutana ndani ya mmea mmoja, vikienezwa na vidukari na wadudu wengine wadogo. Kila kimoja peke yake mahindi yanaweza kukivumilia kwa kiasi fulani, lakini vikiwa pamoja yanakufa. Kwa kujua hivyo, ushauri ukawa wazi: usipande mahindi juu ya mahindi, ng'oa yaliyougua, pumzisha shamba kwa maharagwe au viazi. Shemeji alipanda viazi misimu miwili. Mwaka wa 2013 kikafunguliwa kituo huko Naivasha, katika kaunti yetu hii, cha kupima mahindi dhidi ya ugonjwa huo, na mbegu zinazoustahimili zimetokea hapo. Kama hakungekuwa na mtu wa kulitaja tatizo kwa jina lake, shemeji angekuwa bado anapulizia dawa isiyo na kazi.

Narudi kwa binti yangu, maana watu huniuliza wazo hilo alilitoa wapi. Alikuwa bado shule ya msingi wakati viazi vyetu vya aina ya Shangi vilipoanza kunyauka mchana na kuamka jioni, halafu visiamke tena. Afisa wa kilimo alipita, akaomba gilasi ya maji safi. Alikata kipande cha shina la kiazi kilichonyauka, akakining'iniza majini bila kukigusisha chini, akatuambia tungoje bila kutikisa meza. Baada ya muda mfupi kukaanza kushuka kutoka kwenye shina uzi mweupe kama maziwa, mwembamba, ukinyooka hadi chini ya gilasi. Ni bakteria hao, akasema, wanatoka kwa maelfu. Hakuna dawa ya kupulizia. Ni kung'oa, kutousambaza udongo ule kwa jembe na viatu, kupanda mbegu safi, na kulihamishia shamba kwenye zao jingine. Mimi nilikuwa nawaza hasara. Mtoto alikuwa amepiga magoti sakafuni, macho sawasawa na gilasi, na afisa alipoondoka akakata shina jingine, zima, kuona kama litatoa uzi. Halikutoa. Mwanangu alijifunza siku hiyo kwamba mtu anaweza kuuliza mmea swali na mmea ukajibu.

Kaka yangu anasema hakuna kazi. Naomba nimkumbushe kwa heshima kwamba mwanawe mwenyewe ameajiriwa shamba la maua Naivasha, na kazi yake ni skauti: kila asubuhi anapita ndani ya vitalu akigeuza majani ya waridi kutafuta ukungu na wadudu, na anachokiandika ndicho kinachoamua dawa ya siku hiyo. Tofauti yake na anachotaka binti yangu ni miaka ya masomo. Na kazi ziko pengine pia: KALRO, vyuo vikuu, kampuni za mbegu, na KEPHIS, ambao hukagua mimea na mbegu zinazoingia nchini. Sisemi ni njia nyepesi. Shahada ya kwanza haitoshi, ni lazima uzamili, na anayetaka kuongoza utafiti atahitaji uzamifu. Mshahara wa utafiti haujengi jumba haraka. Nimemweleza binti hayo yote, na bado macho yake yako kwenye gilasi ile.

Jambo moja zaidi kuhusu kazi hii. Haina siku ya kusema imekwisha. Baada ya hasara yetu ya 2007 zilitolewa mbegu mpya, na Robin ilikuwa mojawapo. Tuliipenda, ikatulipa. Halafu zikaja jamii nyingine za kutu zilizoivunja jeni yake nayo. Ndiyo maana siku hizi wataalamu hawategemei jeni moja yenye nguvu. Wanakusanya ndogo ndogo kadhaa ndani ya ngano moja, kila moja ikiichelewesha kutu kidogo, ili kutu ikifika isipate mlango mmoja wa kuvunja. Kenya Kingbird ni ya namna hiyo. Ukiitazama utaona vidonda, lakini ni vidogo na vinachelewa, na punje zinajaa. Jirani yangu alitaka kuing'oa alipoona vidonda hivyo, na ilibidi aelezwe kwamba ngano hiyo imeumbwa hivyo. Hapo napo ndipo anapohitajika mtu wa katikati, anayeijua sayansi na anayeijua njia ya kwenda kwa jirani yangu.

Ombi langu, Mhariri, ni hili. Matokeo yajayo yatakapotoka, mtume mwandishi na mpiga picha Njoro. Mwacheni atembee nyuma ya mtu anayesoma kutu kuanzia umande hadi chai, amuulize alisoma wapi, alilelewa wapi, nani alimkatisha tamaa na nani alimtia moyo, kisha mtupe ukurasa mzima, sio kipande cha pembeni chini ya bei za nyanya. Wapo watu wa aina hiyo ambao wamestaafu au wanakaribia kustaafu, na wanayoyajua hayajaandikwa kwa Kiswahili popote.

Kwa walio na mamlaka katika vituo vya utafiti: siku ya wakulima ikifika, alikeni pia shule za sekondari. Basi moja la wanafunzi wa kidato cha tatu halitawakanyagia ngano. Na kwa serikali zetu za kaunti: ajirini maafisa wa kilimo wa nyanjani, muwape pikipiki na mafuta, na kliniki za mimea zinazofanyika siku za soko ziendelee, kwa sababu hapo ndipo mkulima anapoleta jani lake mkononi bila kuogopa ofisi.

Kwa wakulima wenzangu wa Mau Narok, Molo, Njoro, Narok hadi Uasin Gishu: msimu huu ukiona kutu kwenye ngano uliyoambiwa haishiki kutu, usikimbilie kusema mbegu ni bandia. Kata mashina machache yenye vidonda vibichi, yafunge kwenye karatasi ya gazeti au bahasha, si kwenye plastiki kwa sababu yataoza. Andika juu yake tarehe, mahali na jina la mbegu, uyapeleke kwa afisa wa kilimo aliye karibu au moja kwa moja Njoro. Pengine ndilo vumbi ambalo mtu wa maabara amekuwa akilitafuta.

Ni mimi,
Mkulima wa ngano na viazi,
Mau Narok, Kaunti ya Nakuru.